Maswali ya Wasomaji: Mbwa na Dawa za Nyumbani

SWALI: Mbwa wangu hulala sebuleni, ambako kila asubuhi tunapiga deki kwa maji yenye jiki. Siku hizi analamba nyayo mno. Jirani naye amenishauri niweke sumu ya panya jikoni. Nifanyeje nisimdhuru? Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, mbwa hukanyaga sakafu bila kiatu, huilalia, kisha hujisafisha kwa ulimi, hivyo kinachobaki kwenye vigae huishia tumboni mwake. Mtoe nje kabla ya kupiga deki, zimua jiki kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kisha rudia kwa maji matupu na umruhusu kuingia sakafu ikishakauka kabisa. Mwoshe nyayo kwa maji ya uvuguvugu. Zikiwa nyekundu, mpeleke kwa daktari wa mifugo, kwani huenda ana mzio.

Sumu ya panya, ninakusihi, usiiweke. Nyingi huzuia damu kuganda, na mbwa aliyeila anaweza kuonekana mzima kwa siku 3 hadi 5 kabla ya kuanza kutoka damu puani au kwenye fizi. Vitamini K1 huweza kumwokoa akitibiwa mapema, kwa hiyo ukishuku tu kwamba ameila, usisubiri dalili: mkimbize kwa daktari, na pakiti ya sumu uibebe. Kwa panya, tumia mtego uliowekwa nyuma ya kabati, mahali pasipofikiwa na pua yake.

Akinywa jiki, usimlazimishe kutapika, kwa kuwa itamuunguza koo mara ya pili ikirudi.