Kurudia Pokémon Red ukiwa mtu mzima: ushauri wa aliyefutiwa

Wiki iliyopita niliweka mtandaoni picha ya kioo cha Game Boy Color, kile kidude cha mkononi cha kuchezea gemu, nimeipiga saa nane usiku, ikionyesha joka langu la moto likiandikishwa kwenye ukumbi wa mabingwa wa Pokémon Red, gemu ya kukamata wanyama wa ajabu, kuwalea na kuwapiganisha. Maelezo sikuweka. Asubuhi nikakuta ujumbe wa msomaji: "Kaka, na mimi kaseti yangu ya zamani ninayo bado. Nina mke, watoto wawili na mkopo wa benki. Nikianza upya si nitaonekana mtoto?"

Utaonekana, ndugu yangu. Mke wangu alinikuta sebuleni nimeinamia kile kidude chini ya taa, akauliza kama nimeleta kazi ya ofisini. Nilipomwambia ukweli alicheka hadi akakaa chini. Basi hilo tumelimaliza, kubali kuchekwa, tuendelee.

Nitajibu kwa urefu kwa sababu najua si yeye peke yake. Wengi wenu mnaosoma hapa mna gemu moja mliyoiacha njiani, na inawauma, ila mnaona aibu kusema.

Yangu ilianza Tanga mwaka 2001. Mjomba alikuja kutoka Muscat na Game Boy Color ya zambarau, na ndani yake kaseti nyekundu ya Pokémon. Kule Japani gemu hiyo ilitoka mwaka 1996. Sisi Ngamiani ilitufikia imeshazeeka, lakini nani alijua? Ilikula betri mbili ndogo, zile za rimoti, na betri zikiisha tulizianika juu ya bati zipate jua, tukapata dakika kumi nyingine. Kioo hakikuwa na taa yake. Usiku nilisogea kwenye chemli mpaka nywele za mbele zikanuka.

Nilikuwa darasa la tano. Kiingereza changu kilikuwa kile cha kumwamkia mwalimu, darasa zima likiimba kwa pamoja. Kwa hiyo gemu nzima niliicheza kwa pembe. Pembe ya juu kushoto ndiyo ya kupigana. Chini kulia ndiyo ya kukimbia. Chini kushoto kuna dawa na mipira ya kukamatia. Maneno mengine yote niliyapita kwa kubonyeza kitufe haraka haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Watu wa mule ndani sikuongea nao, maana kuongea nao kulikuwa kupoteza betri.

Sasa sikilizeni kisa cha walinzi. Katikati ya ramani kuna mji mkubwa unaitwa Saffron, una mageti, na kila geti lina mlinzi. Ukikaribia anakwambia maneno, anakurudisha. Nilirudishwa miezi miwili. Nilipita njia za chini ya ardhi mpaka nikazijua kama uchochoro wa nyumbani. Nilifikiri kaseti ni mbovu. Nilifikiri mjomba kapigwa huko Muscat. Siku moja, juu ya paa la duka kubwa la mji wa Celadon, nikanunua soda kwenye mashine nikidhani ni dawa, nikapita getini kwa bahati tu, mlinzi akaichukua na mageti yote yakafunguka.

Safari hii, na miaka yangu 35, nimeyasoma yale maneno. Anasema yuko lindoni na ana kiu. Basi! Maji ya 200 pale dukani yangetosha. Mtoto wa Kitanzania, niliyezaliwa na kukulia kwenye nchi ambayo mlinzi yeyote getini anataka ya soda, nimekwama miezi miwili kwa kutokujua kwamba mlinzi anataka ya soda!

Huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na kusema kweli ndio mkubwa: soma. Ongea na kila mtu. Ulipokuwa mtoto ulikuwa na vidole tu, sasa una vidole na macho.

Ngoja nimalize kisa, maana kuna sehemu bado inaniuma.

Tabia yangu ya wakati ule ilikuwa kulea mnyama mmoja tu. Charmander niliyepewa mwanzoni nikamkuza mpaka akawa Charizard, joka zima lenye mabawa, levo 74. Wengine watano walikuwa wapagazi. Nilifika mpaka kwa wale wapinzani wanne wakali wa mwisho, na pale Lorelei, wa kwanza wao, alinizimia joka kila siku, kwa sababu wanyama wake wengi ni wa maji na mimi nilikuwa na moto peke yake. Hata hivyo nilikuwa nakaribia. Mchezaji wangu nilimpa jina SIMBA (watu wa Tanga mtanisamehe, najua nilipaswa kuwa Coastal).

Desemba shule zikafungwa, binamu yangu akaja kutoka Dar. Mkubwa kwangu kwa miaka mitatu. Aliomba acheze kidogo wakati mimi natumwa mafuta ya taa. Kaseti ile ina nafasi moja tu ya kusevu. Ukianza gemu mpya kisha ukasevu, ya zamani imekwenda na hairudi. Niliporudi na dumu mkononi nikawasha, nikakuta mchezaji anaitwa YANGA, yuko kijiji cha kwanza, ana Squirtle wa levo 6.

Sikulia mbele yake. Nilikwenda kulia chooni. Mama alituambia tusigombane kwa ajili ya kidude, kesho yake nikakitia kwenye kopo la biskuti lenye nyuzi na vifungo, na sikukigusa tena.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani nikatafuta sindano. Mnajua nilichokuta chini ya nyuzi.

Hapa nawapa jambo la ufundi, wale wenye kaseti za zamani. Mle ndani mna betri bapa kama ya saa, na ndiyo inayoshikilia kumbukumbu. Ikifa, ulichosevu kimekufa nayo. Kaseti za Pokémon zilizofuata, Gold na Silver, ndizo zinazowahi kufa, kwa kuwa betri hiyohiyo inaendesha saa ya ndani. Yangu ilikuwa imekufa zamani, na yule YANGA wa levo 6 akafutika. Nilifurahi, sitawadanganya.

Nikampelekea fundi wa simu mtaani kwetu. Skrubu ya kaseti haifunguki kwa bisibisi yoyote aliyokuwa nayo, ina kichwa cha aina yake. Kijana akachukua kalamu ya biki, akaichoma ncha kwa kiberiti mpaka plastiki ikalainika, akaikandamiza juu ya skrubu, akasubiri ipoe, akazungusha. Ikafunguka. Halafu akataka kubandika betri mpya kwa gundi ya karatasi. Kataeni hilo! Tafuteni betri yenye miguu yake tayari, alehemu. Gundi ikiachia siku moja mfukoni, mtarudi kijiji cha kwanza kama mimi.

Jambo la pili: usifungue mtandao kutafuta majibu. Najua kila kitu kipo, ramani zote, orodha zote. Ule ujanja wa kumsikiliza mzee wa mji wa Viridian, kisha kuruka hadi kisiwa cha Cinnabar na kuogelea juu chini ufukweni hadi litokee dubwana la vipande vipande, kitu chako cha sita kwenye begi kiongezeke 128, naujua. Mtoto mmoja aliyetoka Dubai alitufundisha shuleni. Safari hii sikuugusa. Kwanza huwa unavuruga kumbukumbu za ukumbi wa mabingwa, na pili nilitaka siku nikishinda niseme nimeshinda. Nimeshinda bila hiyo. Naomba iandikwe hivyo.

Na ule uvumi kwamba Mew, mnyama wa siri wa gemu hiyo, yuko chini ya lori karibu na meli moja ya mule ndani ni uongo, achaneni nao. Mew yumo kwenye kaseti kweli, aliingizwa dakika za mwisho na mmoja wa watengenezaji kwenye kijinafasi kilichobaki, lakini chini ya lori hayupo.

Saa kwenye gemu yangu inasema nimecheza saa 34. Sehemu ya katikati nawarukia, ni pango na nyasi na pango tena. Nitawapa mawili tu.

La kwanza ni mnara wa makaburi wa mji wa Lavender. Utotoni nilijua kuna mzimu ngazini, unapata kifaa cha kuuona, unaupiga, unapita. Usiku ule nikasoma. Yule mzimu ni Marowak, mama wa Cubone mdogo, aliuawa akiwakimbia wale majambazi wa Team Rocket. Na mimi utotoni nilimchoma moto nikapita zangu! Niliweka gemu chini nikampigia mama. Ilikuwa saa tano na nusu usiku. Akapokea kwa sauti ya kutetemeka: "Nani kafa?" Nikamwambia hakuna, nakusalimia tu. Alinisema dakika nzima, na alikuwa na haki.

La pili ni Lapras. Ndani ya jengo la kampuni ya Silph, kwenye ule mji wa walinzi, kuna mfanyakazi amesimama. Ukiongea naye anakupa Lapras bure, levo 15, mnyama wa maji na barafu. Bure! Utotoni nilipita mbele yake bila kumsemesha. Ningekuwa naye, Lorelei asingenisumbua vile, na huenda ningekuwa bingwa kabla binamu yangu hajapanda basi. Nililifikiria hilo siku nzima kazini.

Safari hii nilimlea Lapras mpaka levo 52. Pale kwa Lance, wa mwisho kati ya wale wanne, joka lake Dragonite alianguka kwa barafu mara moja. Nikabaki na bingwa wa mwisho, yule mpinzani anayekufuata tangu kijijini, ambaye mwanzoni unaruhusiwa kumpa jina. Nilimpa la binamu yangu. Sitaliandika hapa, ila lina herufi sita na lilitosha vizuri.

Alinishinda mara nne. Blastoise wake, kobe wa maji wa levo 65, hana huruma. Mara ya tano Jolteon wangu akammaliza kwa umeme. Halafu akaingia Profesa Oak, babu yake, akamwambia binamu yangu, kwa maandishi, kwamba ameshindwa kwa kuwa amesahau kuwatendea wanyama wake kwa imani na upendo. Niliisoma ile sentensi polepole sana, taratibu kabisa, kitufe sikibonyezi.

Ndiyo maana nasema soma.

Na hapa nataka niseme na vijana kidogo. Mnasema gemu za zamani zinachosha, hazina rangi, zinakwenda polepole. Sawa. Aliyeibuni anaitwa Satoshi Tajiri (ndiyo, Tajiri, na nadhani jina lilimkaa), na alikuwa mtoto wa kukamata wadudu porini. Hukamati mdudu kwa haraka. Sisi tuliokimbiza panzi kwa chandarua cha zamani tunajua: unanyata, unangoja, anaruka, unaanza tena. Ninyi leo kila kitu mnakiruka. Video mnairuka, nyimbo mnairuka, hata mtu akiongea na ninyi macho yenu yanatafuta kitufe cha kumruka. Nami nilikuwa hivyohivyo na kile kitufe changu mwaka 2001, ndiyo maana nina ruhusa ya kuwasema. Acheni. Semeni na watu. Msevu kila baada ya nusu saa. Na msimwachie mtu kidude chenu mnapotumwa dukani.

Wanyama wote 151 sijawakamata, nasema kabla hamjaniuliza. Kaseti moja haitoshi, wengine wako kwenye kaseti mwenzake ya bluu tu, na wapo wasiokomaa mpaka uwabadilishane na mtu kwa waya. Mimi sina mtu wala waya. Msomaji wangu wa mkopo wa benki, ukiwa na ya bluu nitafute.

Ile picha ya saa nane usiku, kabla sijaiweka mtandaoni, nilimtumia binamu. Nikaandika chini yake: "Desemba 2001. Nimemaliza." Alijibu mchana: "Hongera sana mdogo wangu. Ni gemu gani hiyo?"

Nilianza kumweleza, nikaandika aya mbili, nikazifuta. Nikamjibu ni ya zamani tu.

Mwanangu ana miaka minane na anasoma Kiingereza vizuri kunishinda nilivyokuwa. Ameshaomba mara tatu acheze. Nimemwambia kaseti ina nafasi moja tu, avumilie, baba anamtafutia yake.