Kombe tumebeba, sasa ngoja niwaambie

Tangu tubebe kombe la mtoano la wanawake hapa Dodoma, simu yangu haipumui. Juzi dada mmoja wa Manyoni ameniandikia: "Mwalimu, timu yangu inapiga mpira mzuri kuliko wote, lakini kila mwaka tunatolewa mapema. Tunakwama wapi?"

Mpira mzuri mwachie mwenye ligi, dada. Ligi ukifungwa Jumamosi, wiki ijayo unapanga kikosi tena. Mtoano ukifungwa unakunja jezi.

Msimu uliopita tulitolewa na timu iliyoshusha mamluki mchana kweupe, mabinti ambao kila mtu Nkuhungu aliwajua ni wa ligi kuu. Tukakata rufaa. Tukajibiwa kwamba muda wa rufaa umepita, na muda wenyewe haukuwa umeandikwa popote! Bado inaniuma, sifichi. Ndiyo maana safari hii, kabla ya kulipa kiingilio, nilidai kanuni kwa maandishi na orodha ya wachezaji wa kila timu yenye picha. Wakaniita mkorofi. Sawa.

Raundi za mwanzo tulipita, hazina simulizi. Kuelekea nusu fainali, baba wa straika wetu akamkataza mtoto asicheze. Nilikwenda mwenyewe. "Shikamoo mzee." Akaitikia, akanyamaza. Nikamkumbusha wasichana wa shule ya Fountain Gate, wa hapa hapa Dodoma, waliochukua ubingwa wa shule wa Afrika kule Durban mwaka 2023. Mzee akauliza kama walipanda ndege. Nikasema ndiyo. Kesho yake alikuwa wa kwanza kufika uwanjani, na alitukana refa kuliko sisi wote.

Siku hiyo upepo ulikuwa ule wetu wa Agosti, vumbi mpaka kwenye meno. Nahodha alishinda sarafu, akachagua kushambulia na upepo mgongoni. Nilimfundisha hivyo: mechi ya saa kumi, upepo huo hutulia jua likielekea kuzama, kwa hiyo chukua chako mapema. Tukafunga. Wakasawazisha. Moja kwa moja kwenye matuta, yaani mikwaju ya penalti.

Hapa ndipo wengi mnapofia. Msaidizi wangu alitaka kumtoa beki wa kushoto dakika za mwisho, amechoka. Nikakataa: anayepiga tuta ni yule aliyemaliza mechi uwanjani, na huyo ndiye mpigaji wetu bora. Golikipa wao alipangua tuta la tatu, uwanja ukalipuka, refa akaamuru lirudiwe kwa sababu golikipa alitoka kwenye mstari wa goli kabla ya mpira kupigwa. Sheria inataka walau sehemu ya mguu mmoja ibaki pale. Wa kwetu tulimzoesha hilo kila jioni, mpaka akanichukia. Tukapita, na kombe tukabeba.

Basi mabinti, na ninyi mnaowalea: fanyeni mazoezi ya matuta mkiwa mmechoka, someni sheria, acheni kulia kuonewa wakati kanuni hamjazifungua. Nasema kwa upendo, lakini nasema.

Na zawadi, dada wa Manyoni, waandike kabla hujalipa. Mabingwa wa wanaume walipewa ng'ombe. Sisi, kombe lile lile, siku ile ile, mgeni rasmi yule yule, tulikabidhiwa mbuzi, na jezi tulizoahidiwa bado "zinashonwa".