Fundi Anajibu: Injini Inanguruma, Maji Hayapandi

SWALI: Fundi, habari za kazi? Nina pampu ya petroli ya inchi 2, namwagilia nyanya. Msimu uliopita ilivuta maji kisimani bila shida. Sasa injini inanguruma vizuri, lakini maji yanatoka dakika mbili tu yanakata. Jirani anasema impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, imekwisha, ninunue pampu nyingine. (Mkulima, Usa River)

JIBU: Usinunue kwanza. Funga jiwe kwenye kamba, pima kutoka mdomo wa pampu hadi usawa wa maji. Pampu hiyo huondoa hewa tu kwenye mpira wa kunyonya. Anayeyasukuma maji juu ni uzito wa hewa ya nje. Pwani, hewa hiyo kwa hesabu hupandisha maji mita 10 na kidogo. Kwenu, zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, inabaki kama 9, na ukitoa upotevu wa mpira na pampu yenyewe, tegemea 6. Mita 8 zinazoandikwa kwenye kibandiko cha pampu zilihesabiwa kwa usawa wa bahari. Kwa hiyo kama kiangazi kimeyashusha maji kutoka mita 5 hadi 7, pampu haina kosa. Na tafadhali, usiishushe kisimani ili isogelee maji: moshi wa petroli hujaa humo na huua, tena sumu yake haina harufu.

Kama kina ni kilekile, tafuta hewa inapoingilia. Upande wa kunyonya hauvuji hata tone, maana pale hewa ndiyo inayoingia, ndiyo sababu watu huizunguka pampu wasione kitu. Paka povu zito la sabuni kwenye maungio injini ikiwaka. Povu likinyonywa, umepapata. Mara nyingi ni raba ya kiungio iliyokauka, au klipu iliyolegea. Funga klipu mbili, skrubu zielekee pande tofauti. Kama mpira una valvu chini, zima injini, jaza maji, subiri dakika 10. Yakishuka, valvu imekabwa na mchanga au jani.

Impela iwe ya mwisho. Ikilika, maji hupungua nguvu kidogo kidogo, hayakati ghafla. Maji yakidondoka kati ya pampu na injini, hiyo ni sili, yaani kizuizi cha maji kwenye shafti, na kinachoiunguza ni kuzungusha pampu kavu.

SWALI: Gari langu linachemsha nikipanda kutoka Himo kwenda Marangu, tambarare halina neno. Themostati, ile valvu inayoongoza joto la maji ya injini, imeshatolewa, bado. (Dereva, Moshi)

JIBU: Irudishe, kaka. Anza na kifuniko cha rejeta, spea ya bei ndogo. Raba yake ikipasuka mgandamizo hutoka, na maji matupu kule juu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya kuvuka 110. Kifungue injini ikiwa baridi tu. Kisha hakikisha feni inazunguka, maana mlimani unakwenda polepole na upepo wa mbele hautoshi. Mwisho, washa injini baridi kifuniko kikiwa wazi: vipovu vikitoka mfululizo bila kukoma, gasketi ya silinda hedi, yaani ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake, imeachia.