Nimekuota, kwa Kikroatia

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi hotelini mjini Split, Kroatia, na Kikroatia ninajifunza kwa kitabu kilichoandikwa kwa Kiingereza. Asubuhi moja nilitaka kumwambia mfanyakazi mwenzangu kwamba nilimwota usiku, nikasema: "Sinoć sam sanjao o tebi." Alicheka, kisha akaona haya. Nilikosea wapi?
Msomaji wa kike, Split

JIBU: Dada, kilichomchekesha bila shaka ni hilo neno "sanjao", ambalo husemwa na mwanamume. Katika wakati uliopita kitenzi cha Kikroatia hufuata jinsia ya mtenda, kwa hiyo wewe ulipaswa kusema "sanjala sam".

Haya ilitokana na "o tebi". Kitenzi "sanjati" kikifuatwa na "o" mara nyingi hubeba maana ya kutamani, kama mtu anayeota kuwa na nyumba ufukweni, na hapo ndipo Kiingereza kilipokuponza. Ungeanzia kwenye Kiswahili chako usingepotea, kwa kuwa sisi husema "nimekuota", aliyeotwa akiwa mtendwa wa moja kwa moja, na Wakroatia nao husema "Noćas sam te sanjala". Hiyo "te" ni sawa na "-ku-" yetu, ila haikai ndani ya kitenzi. Pamoja na "sam" huwahi nafasi ya pili katika sentensi. "Sinoć" ni jana jioni, ilhali "noćas" ni usiku huu uliopita au, ajabu kidogo, huu unaokuja, na kitenzi ndicho kinachoamua.

Kiswahili kitakusaidia pia katika kusimulia yaliyotokea ndotoni. Tunavyosema "niliota ninapaa", wao husema "sanjala sam da letim", kitenzi cha pili kikibaki katika wakati uliopo.

Penye utata zaidi ni nomino. "San" ni usingizi na pia ni ndoto, hata mtu akisema "imam dobar san" husikika kuwa hulala vizuri. Lakini wingi wake, "snovi", ni ndoto.

Ndoto ya kutisha ni "noćna mora". Katika imani za kale, mora ni kiumbe anayemkalia kifuani mtu aliyelala, kama jinamizi letu. Usimchanganye na "more", yaani bahari, ambayo hapo Split utaitaja kila siku.