Kabla Hujalipa Amana: Kwa Mwenye Digrii ya Nyumbani Anayetaka Kusomea Udaktari Marekani

Nyumbani Tanzania mlango wa udaktari hufungwa mapema. Ukipangiwa kombi ya EGM (uchumi, jiografia, hisabati) au HKL (historia na lugha) badala ya PCB (fizikia, kemia, biolojia), habari ya Chuo cha Tiba cha Muhimbili imeishia hapo, una miaka kumi na saba tu. Mimi nilisoma EGM, nikachukua digrii ya biashara, nikakaa benki miaka 4. Nilipokuja Marekani kwa kadi ya kijani nikaanza kubeba boksi kama wenzangu wote. Boksi langu lilikuwa nyumba ya wazee, zamu ya saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi. Humo ndimo nilimojua kwamba huku hakuna anayeuliza ulisoma kombi gani.

Marekani udaktari husomwa baada ya digrii ya kwanza: miaka 4 ya shule ya tiba, kisha miaka 3 hadi 7 ya mafunzo ya ubingwa hospitalini ukiwa unalipwa mshahara. Digrii ya kwanza yaweza kuwa ya historia, uhasibu au muziki. Wanachotaka ni uwe umesoma sayansi za msingi, na zinafahamika: biolojia mwaka mzima na maabara yake, kemia ya jumla mwaka mzima na maabara, kemia ogania vivyo hivyo, fizikia vivyo hivyo, halafu biokemia muhula mmoja, takwimu, na kidogo cha saikolojia na sosholojia kwa ajili ya MCAT, mtihani wa kuombea nafasi shule ya udaktari. Jumla ni kama krediti 40. Aliyemaliza digrii bila masomo haya huyafuata baadaye, na programu zinazoyafundisha kwa utaratibu maalumu ndizo watu huziita postibaki (post-bac).

Nawaandikia wadogo zangu ambao digrii yao ni ya Dar, Mzumbe, Makerere au Nairobi, kwa sababu maelezo mengi utakayoyakuta yameandikwa kwa Mmarekani aliyezaliwa huku. Wewe una jambo moja ambalo yeye hana, na ndilo lililonigharimu mimi.

Jambo lenyewe ni hili. Shule nyingi za udaktari za MD, ile digrii ya udaktari iliyozoeleka, hupokea maombi kupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS. Mfumo huo haupokei transkripti za vyuo vilivyo nje ya Marekani na Kanada. First class yako ya nyumbani haiingii kwenye GPA watakayoiona. Digrii inatambulika, unaiandika kwenye fomu, lakini alama zake hazihesabiwi. Na shule nyingi zina sharti kwamba uwe na masomo ya kutosha kwenye chuo cha Marekani au Kanada: zipo zinazotaka krediti 60, zipo zinazotaka 90, zipo zinazotaka digrii nzima ya huku.

Sasa piga hesabu. Postibaki ya kawaida inakupa krediti 40. Shule inataka 90. Ukilipa maelfu ya dola ukamaliza masomo yote vizuri, bado mlango haujafunguka.

Mimi nililipa amana kwenye programu moja ya binafsi kabla sijalijua hilo. Aliyenipokea kwenye simu alikuwa mkarimu, akanieleza kuhusu maabara mpya, vikundi vya kujisomea na asilimia ya wanafunzi wao wanaopata nafasi. Hakuniuliza digrii yangu ni ya wapi. Nami sikujua kwamba hilo ndilo swali. Wiki tatu baadaye, kwenye chumba cha chai kazini, muuguzi mmoja dada wa Kisumu aliona karatasi zangu mezani. Akazigeuza, akaandika nyuma yake: 40, chini yake 90, akapiga mstari. "Sikia, mdogo wangu," akasema, "hizi hamsini utazitoa wapi, na kwa pesa ya nani?" Mdogo wake mwenyewe alikuwa amepita njia hiyo. Amana haikurudi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandika majina ya shule kumi za udaktari ambazo kwa kweli ungeweza kwenda, ukianza na za jimbo unaloishi, na kusoma kwa kila moja inasemaje kuhusu digrii ya nje. Jibu likiwa halieleweki, waandikie barua pepe na utunze majibu. Kumbuka pia shule za DO, yaani udaktari wa osteopathia. Nazo zinatoa madaktari kamili wenye leseni sawa na MD, zina mfumo wao wa maombi, AACOMAS, na huo hupokea tathmini ya transkripti za nje kutoka mashirika kama WES. Wengi wetu huzipuuza kwa sababu nyumbani herufi hizo hazijulikani. Usizipuuze.

Ukishajua unahitaji krediti ngapi, ndipo uchague aina ya programu.

Zipo postibaki zenye majina makubwa. Ya Columbia huko New York imeanza 1955 na ndiyo kongwe. Bryn Mawr na Goucher zinasifika kwa kubana masomo yote ndani ya mwaka mmoja hivi, ukianza kiangazi na kusoma muda wote. Baadhi zina makubaliano na shule za udaktari, kwamba ukifanya vizuri unaomba moja kwa moja bila kukaa mwaka wa kusubiri kati ya postibaki na shule ya udaktari. Ni programu nzuri, sina neno nazo. Lakini angalia zimetengenezwa kwa ajili ya nani: mtu asiyewahi kugusa sayansi chuoni, mwenye GPA nzuri inayoonekana, na anayeweza kukaa mwaka bila kazi. Jumlisha ada, pango, bima na chakula katika mwaka ambao huingizi kitu, unazungumzia makumi ya maelfu ya dola. Mwenye mama anayesubiri Western Union kila mwezi aitazame hesabu hiyo bila aibu.

Zipo nyingine za kuinua alama, kwa waliosoma sayansi huku wakafanya vibaya. Kama digrii yako ni ya nyumbani na ndiyo unaanza, hizo si zako.

Halafu kuna njia ambayo haina jina wala kipeperushi: kujiandikisha chuo kikuu cha jimbo na kuchukua masomo yale yale mwenyewe. Hapa ndipo wengi wetu tunapoangukia, na ndani yake kuna njia panda ambayo haitajwi sana. Unaweza kuingia kama mwanafunzi asiyesomea digrii, au ukaingia kusomea digrii ya pili. Mimi nilianza kwa ile ya kwanza kwa sababu fomu yake ni fupi.

Siku ya usajili ikanifundisha. Asiyesomea digrii husajiliwa mwisho, baada ya wengine wote kuchagua. Nilikuwa zamu, nimejifungia chumba cha kufulia, mashine mbili zinazunguka na shuka za wazee, simu mkononi, nasubiri saa 6 usiku ifike mfumo ufunguke kwa watu wa kundi langu. Kemia ogania ilikuwa na nafasi 1. Maabara yake ilikuwa Ijumaa saa 2 asubuhi, saa moja tu baada ya mimi kutoka kazini, na mabasi mawili katikati. Niliichukua. Muhula ule nililala Ijumaa mchana tu, na fizikia niliyoichukua pamoja nayo nikapata C+.

Ile C+ ipo mpaka leo. Nyumbani ukirudia somo unasafisha. Kwenye AMCAS ukirudia somo alama zote mbili zinahesabiwa. Wanaoingia shule za MD wana wastani wa GPA wa karibu 3.8 kati ya 4.0, na MCAT karibu 511 au 512 katika kipimo kinachoanzia 472 hadi 528. Katika mwaka mmoja wa karibuni waombaji walizidi 50,000, walioingia ni kama 23,000. Kwa hiyo usikimbilie kumaliza. Masomo mawili ya sayansi kwa muhula ukiwa kazini saa 24 kwa wiki ni bora kuliko matatu ukiwa kazini saa 48. Programu nzuri kwako ni ile ambayo ratiba yake itakuachia kupata A ukiwa wewe ulivyo, na kodi zako na zamu zako. Uliza maabara zinafanyika saa ngapi kabla hujauliza kitu kingine chochote.

Muhula uliofuata nikahamia digrii ya pili, biolojia. Nikapata nafasi ya kujisajili mapema, krediti zikawa zinajumlika kuelekea 90, na kumbe hata mikopo ikabadilika. Hili nalifafanua.

Mwenye digrii tayari, hata ya nje, hapati Pell, ule msaada wa serikali usiorudishwa. Usipoteze machozi hapo. Mikopo ya serikali kuu ipo kwa raia na mwenye kadi ya kijani. Asiyesomea digrii lakini anachukua masomo ya maandalizi anaweza kukopa hadi dola 12,500 ikiwa anajitegemea, ila kwa miezi 12 mfululizo tu, na lazima awe anasoma angalau nusu ya mzigo wa kawaida. Ikiisha, imeisha. Anayesomea digrii ya pili anakopa kama mwanafunzi wa shahada, mwaka baada ya mwaka, mpaka kikomo cha jumla cha dola 57,500. Mimi sisemi ukope zote. Nasema ujue kabla miezi 12 haijaanza kuhesabika, kwa sababu nimeona mtu ameitumia kwa masomo mawili mepesi, kemia ogania ikamkuta mikono mitupu.

Mikopo ya benki binafsi iogope. Kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 2026, mkopo wa serikali uliokuwa unaziba pengo lote la ada za shule ya udaktari umefutwa, na kikomo kimewekwa: dola 50,000 kwa mwaka, 200,000 kwa jumla. Shule nyingi za binafsi gharama zake kwa miaka 4 zinapita hapo. Pengo hilo huenda ukalijazia benki, na benki itatazama deni ulilokuja nalo.

Sasa mahali ambapo fedha ilipatikana kweli. Hospitali nyingi kubwa na vyuo vikuu huwalipia wafanyakazi wao ada, na sheria ya kodi inaruhusu mwajiri akulipie hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi. Nyumba ya wazee niliyokuwapo haikuwa na mpango huo. Nilihamia hospitali, kazi ile ile ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, mshahara pungufu kwa dola moja na nusu kwa saa, wenzangu wakaniona nimechanganyikiwa. Baada ya miezi 6 ya kusubiri wakaanza kunilipia. Soma masharti: kwingine wanataka upate angalau C, kwingine somo lihusiane na kazi, kwingine ukiondoka kabla ya muda unarudisha. Na kazi yenyewe ya kumgeuza mgonjwa, kumlisha na kumsafisha, ndiyo uzoefu ambao shule za udaktari zinauulizia. Mmarekani mwenye miaka 22 anautafuta kwa kujitolea. Wewe umeshaubeba kwa miaka.

Krediti za chuo cha jimbo huwa nafuu sana kwa mkazi, na kwa kawaida ukazi hutaka uwe umeishi humo miezi 12. Ukihama jimbo kumfuata shangazi katikati ya masomo, hesabu ya miezi hiyo inaanza upya. Masomo ya mwanzo kama takwimu na saikolojia unaweza kuyachukua chuo cha jamii kwa bei ya chini zaidi. Biokemia na kemia ogania yaache kwa chuo kikuu, kwa sababu baadhi ya shule huyatazama hayo kwa jicho kali. Wakati wa kodi, ukitumia ada kutoka mfukoni, dai punguzo la elimu ya maisha (Lifetime Learning Credit): asilimia 20 ya dola 10,000 za kwanza, yaani hadi 2,000, kama kipato chako hakijavuka kikomo chao. Huhitaji kuwa unasomea digrii.

Na AAMC, chama kinachosimamia MCAT na AMCAS, kina mpango wa msaada wa ada kwa wenye kipato kidogo. Unapunguza ada ya MCAT kwa zaidi ya nusu na kukufutia ada ya kuomba hadi shule 20. Omba kabla hujalipia chochote, maana ulicholipa hawakirudishi.

Walio huku kwa viza ya mwanafunzi, F-1, nawaambia kwa upendo: shule nyingi za udaktari hazipokei kabisa mwombaji asiye raia wala mkazi wa kudumu, na kati ya zinazopokea zipo zinazotaka uweke ada ya mwaka mmoja au ya miaka yote kwenye akaunti kabla hujaanza. Jua hilo kabla familia haijauza kiwanja.

Muhula wa vuli unaanza mwishoni mwa Agosti, na usajili wake hufunguliwa majira ya kuchipua. Chuo chako cha nyumbani ndicho kinachotakiwa kutuma transkripti moja kwa moja kwa wanaofanya tathmini, kama wale WES, si wewe kuibeba kwenye begi. Yangu ilichukua miezi 5, na ilitoka siku ambayo kaka yangu alikwenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya msajili tangu asubuhi. Mpigie ndugu yako wiki hii.