Nachora vya watu, vyangu vimelala

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi kijana wa Langoni hapa Lamu, nachora tangu niko shule. Saa hii kazi napata za oda tu, michoro ya vitabu vya watoto na brosha za mahoteli ya Shela, na wote wanataka kitu kile kile, jahazi, punda, mlango wa nakshi na jua liwe linazama. Pesa napata sikatai, na nyumbani nategemewa. Lakini picha zangu mwenyewe, nilianza nyuso za wazee wa barazani, nimezigeuza ukutani hata sizigusi, na siku nikizigusa naona zinatoka kama za brosha. Niache oda?

JIBU: Marhaba mwanangu. Usiache, utakula nini? Edward Hopper wa Marekani alichora matangazo na michoro ya majarida miaka mingi na kazi yenyewe alikuwa haipendi, akaiacha 1924, ana miaka 42, baada ya picha zake za rangi za maji kununuliwa zote kwenye maonyesho New York. Umeona? Kwanza zimeuzika ndo akaacha.

Mimi shida yako naiona kwengine. Asubuhi, mwanga mzuri na kichwa kimetulia, unampa mteja, halafu usiku macho yanauma ndo unawakumbuka wazee wako. Geuza. Jahazi la brosha si unalichora hata na usingizi, basi lingoje mchana. Na Mei na Juni, mvua imekaza na mahoteli mengi yamefunga, oda zikipungua usizikimbilie za bei ya bure, weka akiba kidogo msimu wa kaskazi wageni wakiwa wamejaa ili miezi hiyo uchore vyako.

Sasa nikuulize, hao wateja mnaandikiana? Maana watu hawalijui hili na linauma: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi ya kuagizwa, hakimiliki inahesabiwa imeshahamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Yaani hoteli ikilitia jahazi lako kwenye fulana na vikombe wauze dukani, wewe huna lako, na kesho wakitaka jingine watakulipa bei ile ile ya brosha. Andika hata karatasi moja, kwamba hakimiliki inabaki kwako na wao wanatumia kwa brosha hii tu, kurekebisha mara mbili, ya tatu wanalipia, na nusu ya pesa iingie M-Pesa kabla hujashika penseli. Mteja wa kununia karatasi mwache aende zake (huyo hata malipo angekuzungusha). Ukilipwa hivyo utachukua oda chache na asubuhi zako utazipata.

Hilo la kutoka kama brosha, nakushuku unachora kutoka picha za simu. Nenda barazani ukae nao, ila omba ruhusa kwanza, wapo wasiopenda kuchorwa kabisa na usiwalazimishe. Wakikubali, kahawa unalipa wewe.