Maswali ya Wasomaji: Tangi la Kwanza la Maji ya Chumvi

SWALI: Mhariri, nimefuga samaki wa maji baridi kwa miaka kadhaa, na sasa nimenunua tangi la lita 200 kwa ajili ya samaki wa baharini. Muuzaji ameniambia kwamba chujio langu la zamani, lile la mkebe wenye sifongo ndani, linatosha, na kwamba nikishakoroga chumvi ninaweza kutia samaki kesho yake. Naomba ushauri wako kabla sijaanza.

JIBU: Tafadhali usitie samaki kesho yake. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na kinyesi pamoja na chakula kilichosazwa huoza na kuiongeza. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa zaidi. Bakteria hao huota polepole juu ya mawe, mchanga na sifongo, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kufikia idadi inayotosha. Zaidi ya hayo, maji ya baharini huwa na pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) ya 8.1 hadi 8.4, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika hali yake yenye sumu kali, hata kiasi ambacho samaki wako wa zamani wangekivumilia kikawaua hawa wapya.

Tumia chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya akwariamu, takriban gramu 35 kwa kila lita, na uikoroge katika maji yaliyosafishwa kwa mtambo wa osmosisi, yaani unaoyachuja kwa kuyasukuma kupitia utando mwembamba, kwa kuwa maji ya bomba huweza kuja na klorini, fosfati au shaba. Haidromita, yaani kifaa cha kupima ukolezi wa chumvi majini, isome karibu na 1.025 na joto liwe nyuzi 25 hivi. Panga mawe, washa pampu, kisha tia kipande kidogo cha kamba mbichi, yule anayevuliwa baharini, ili kioze na kuwapa bakteria chakula. Pima maji kila baada ya siku mbili tatu: amonia itapanda na kushuka, nitriti itafuata njia hiyo hiyo, na hatimaye zote mbili zitasoma sifuri huku nitrati ikionekana. Hapo badilisha sehemu ya maji, kisha tia samaki mmoja au wawili tu, kwa sababu bakteria nao wanahitaji muda wa kuongezeka kila mzigo unapoongezeka.

Kuhusu chujio, muuzaji amekosea kidogo tu, ingawa kosa lenyewe lina uzito. Chujio kuu la tangi la baharini ni mawe hai, yaani mawe yenye vitundu vingi ambayo bakteria wamekwisha kukaa ndani yake. Juu ya jiwe hufanyika kazi niliyoieleza, na ndani kabisa, pasipofika oksijeni, bakteria wengine huigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni inayotoka majini. Sifongo la mkebe haliwezi kazi hiyo ya pili. Hunasa uchafu, na usipolisuuza kila wiki uchafu huo huozea humo na kuwa nitrati. Ukilitumia, lisuuze kwa maji uliyotoa tangini, si ya bomba, maana klorini huua bakteria.

Fedha ya mkebe mpya ningeielekeza kwenye kifaa cha kuengua povu. Katika maji ya chumvi viputo vya hewa huwa vidogo na vingi mno, na protini hung'ang'ania ngozi zake, zikapanda na povu hadi kwenye kikombe cha juu. Baada ya siku chache utakuta humo majimaji ya kahawia kama chai ya rangi, yenye harufu nzito. Huo ni uchafu uliotolewa kabla haujaoza, jambo ambalo sifongo halifanyi. Ongeza pampu za kuzungusha angalau lita 2,000 kwa saa, na moja ielekezwe juu ili uso wa maji utikisike, kwani maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi.

SWALI: Maji ya tangi langu la baharini hupungua kila siku. Je, niongeze maji ya chumvi?

JIBU: Hapana. Kinachovukiza ni maji peke yake; chumvi yote hubaki. Ukijaza kwa maji ya chumvi, tangi litazidi kukolea siku hadi siku. Weka alama kwenye kioo, na kila siku rudisha maji hadi hapo kwa maji safi yasiyo na chumvi, kidogo kidogo. Maji ya chumvi yatumike unapobadilisha maji, asilimia 10 hadi 15 kila wiki mbili, na yawe yamekorogwa siku moja kabla, yenye joto lile lile la tangi.